Mstaafu, Bado Una Zamu

Leo nazungumza nawe mstaafu, au wewe unayehesabu miezi tu kabla ya kukabidhi ofisi.

Mwaka 2009 serikali iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Miaka ikaongezwa, lakini ile asubuhi ya kwanza nyumbani ni ile ile. Unaamka saa kumi na moja alfajiri kama ulivyozoea, unanyoa ndevu, halafu unakumbuka kwamba hakuna anayekungoja. Simu imenyamaza. Mkeo naye anashangaa kukuona jikoni ukiuliza kwa nini sukari huisha upesi. Tunacheka, lakini ugomvi mwingi huanzia hapo.

Wengi huogopa pensheni kuchelewa, na wana haki. Mimi naogopa zaidi huko kutongojewa na mtu. Usingizi hupotea, chakula hakina ladha, chupa inageuka rafiki. Ukiona huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kunazidi wiki mbili, usiseme ni uvivu au imani imepungua. Huenda ni ugonjwa wa mfadhaiko, nao una matibabu. Mwone daktari.

Fungua kitabu cha Hesabu, sura ya 8. Walawi walistaafu wakiwa na miaka 50. Waliiacha kazi nzito ya hema ya kukutania, lakini hawakufukuzwa pale. Waliendelea kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Mzigo ulishushwa, zamu ikabaki. Naipenda sura hiyo kwa sababu haimwambii mzee ajifanye kijana.

Basi nawe tafuta zamu yako. Mama uliyekuwa muuguzi, wako wagonjwa kijijini ambao hawatembelewi. Mwalimu, watoto wa jirani wanahangaika na hesabu. Si lazima uwe mwenyekiti wa kila kamati ya kanisa. Tabia hiyo nayo inahitaji dawa! Chagua jambo moja lenye siku na saa, ambalo usipofika mtu atauliza, "Mzee yuko wapi leo?" Tena nenda kwa miguu. Mwendo wa haraka kidogo wa dakika 30, siku tano kwa juma, huusaidia moyo.

Na hili sitalificha. Wako wanaoombewa shinikizo la damu au kisukari, kisha wanaacha dawa. Usifanye hivyo hata kidogo. Shinikizo hupanda bila maumivu, mtu akijiona mzima kabisa. Ombewa, sema amina, halafu meza tembe zako kama daktari alivyokuagiza. Na kama hujapimwa mwaka huu, nenda kituo cha afya kesho asubuhi. Ukirudi, mpitie yule mstaafu mwenzako ambaye hajaonekana kanisani Jumapili tatu sasa.