Kengele Niliyoihamishia Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze jinsi nilivyoacha kazi ya ofisi nikaanza kufanyia kazi nyumbani. Sikufanya hivyo kwa ushujaa.

Mwaka 2011 mke wangu alifariki, akaniachia watoto wawili, binti wa miaka 8 na mvulana wa miaka 5. Nilikuwa mhasibu katika ofisi moja ya Posta, Dar es Salaam, na nyumba yangu iko Mbagala. Wanaoijua Barabara ya Kilwa wataelewa: niliondoka watoto wamelala, nikarudi wamelala. Siku moja ya mvua nilimkuta yule mdogo saa 2 usiku ameketi na mlinzi langoni mwa shule. Dada wa kazi alikuwa ameondoka bila kuaga. Mtoto hakulia. Alisema tu, "Nilijua utachelewa." Mwezi uliofuata niliandika barua ya kuacha kazi.

Mashine za risiti za EFD zilikuwa zimeanza mwaka 2010, na wenye maduka wengi walitafuta mtu wa kuwawekea hesabu na kutayarisha ritani za VAT. Nilianza na maduka 3 ya Kariakoo.

Ndugu zangu, mwaka wa kwanza nilishindwa. Majirani walimwona mwanamume mzima akianika nguo saa 4 asubuhi, wakasema hana kazi. Huyu aliniomba nimsimamie fundi, yule nimsindikize hospitali, nami sikujua kukataa. Mteja mmoja akatozwa faini kwa ritani niliyoichelewesha, niliilipa mimi. Binti yangu naye alimwambia mwalimu wake, "Baba hana kazi, anakaa nyumbani."

Ndipo nilipoikumbuka kengele ya shule hii. Nikabandika ratiba mlangoni: saa 2 hadi saa 7 mchana, hesabu, jioni, watoto, saa 3 usiku, hesabu tena. Majirani waliisoma, wakacheka, kisha wakaizoea.

Kosa moja sikulirekebisha mapema. Ofisini asilimia 20 ya mshahara ilikwenda NSSF, sehemu yake ikitoka kwa mwajiri. Nyumbani hakuna wa kukukatia. Miaka 2 sikuchangia hata senti, na pengo hilo nitalikuta uzeeni. Anayetaka kufuata njia yangu ajiandikishe mapema kama mchangiaji wa hiari.

Nanyi wanafunzi, msiikimbie zamu ya jikoni. Hapa ndipo nilipojifunza kusonga ugali na kufua shuka, nikidhani ni adhabu. Yule mdogo wa langoni sasa ana sauti nzito kuliko yangu, na akichelewa yeye kurudi, mimi ndiye ninayekaa nikimsubiri na chakula mezani.