Mzigo Hupimwa kwa Safari Nzima

Mzigo wa mahindi unaotoka Eldoret kwenda Mombasa haupimwi kwa bei ya kwenda peke yake. Safari hiyo ni kilomita 800 hivi, na lori likishashusha lazima lirudi. Kwenye barabara hii mizigo mingi hupanda kutoka bandarini kuelekea bara na Uganda. Inayoteremka ni michache, na malori yanayoigombea ni mengi. Kwa hiyo dalali hutaja bei ya chini, na mara nyingi huipata.

Chukua mfano wa trela lenye tani 28, kwa malipo ya shilingi 3 kwa kilo. Hizo ni 84,000. Likiwa limebeba, tuseme linakwenda kilomita 2 kwa lita: lita 400. Dizeli ikiwa shilingi 170, zinatoka 68,000 na kubaki 16,000. Wengi hukubali mzigo wakifika hapo, na ndilo kosa kubwa la hesabu hii. Kurudi tupu, hata kwa kilomita 3 kwa lita, humeza 45,000 na zaidi. Safari imekwisha kuwa ya hasara kabla ya kutajwa tairi, posho ya dereva wala bima.

Mzigo huohuo hubadilika sura ukipatikana wa kurudi nao. Kabla ya mvua za masika, mbolea ya wakulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia hupanda kutoka bandarini. Ikilipwa shilingi 4.50 kwa kilo, safari nzima inaingiza 210,000. Kupanda kutoka usawa wa bahari hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kunakula mafuta; tuseme lita 450. Dizeli yote ni 144,500, na zinabaki 65,500.

Kisha zije siku. Mkopo, bima na mshahara vikigawanywa vikafika shilingi 8,000 kwa siku, safari ya siku 6 inaacha 17,500 za tairi, posho na matengenezo. Lori likikaa siku 3 zaidi likisubiri kupakiwa, hasara ni 6,500. Ndiyo maana mzigo wa bei nzuri wenye foleni ndefu huweza kushindwa na wa bei ya wastani unaopakiwa asubuhi na kuondoka mchana. Wanaobeba kwenda Uganda walionja jambo hili Mei 2020, upimaji wa korona ulipofanya foleni ya mpaka wa Malaba kuwa ya kilomita nyingi.

Kuongeza tani ili kuziba pengo si dawa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56, uzito wa gari na mzigo pamoja, tena kwa lori la ekseli 7. Mizani ya Gilgil, Athi River na Mariakani iko njiani, na faini huweza kumaliza faida yote.

Kwa mzigo wa kontena, iandikwe mapema kwenye mkataba nani atalipa kontena tupu likichelewa kurudishwa. Iandikwe pia tarehe ya malipo. Dizeli hununuliwa kwa pesa taslimu, na bei yake hutangazwa upya na EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi. Mteja anayelipa baada ya siku 60 anapaswa kutozwa zaidi, au atoe malipo ya awali yanayotosha mafuta ya kwenda na kurudi.