Sufuria ni moja, wanaokula hawako sawa



Leo tuseme juu ya uyoga. Uyoga ni chakula kizuri, na wakati wa mvua wengi wenu munauokota na kuwapikia watoto. Lakini mushike neno hili: chakula kinachomfaa mutu mwenye afya kinaweza kumuua mugonjwa.

Mufano unatoka inchi ya Japani. Kule kuna uyoga mudogo, mweupe kama maziwa, umbo lake kama sikio. Chini una mistari myembamba kama kurasa za kitabu. Unaota yulu ya visiki na magogo yanayooza ya miti kama pini na sipre. Wenyeji wanauita sugihiratake. Tangu zamani waliula, wala hawakuuogopa.

Mwaka 2004, watu 59 waliugua ubongo. Mwili ulikosa nguvu, wakashikwa na degedege, wakapoteza akili. Watu 17 walikufa. Waganga walipouliza, waliona kwamba wagonjwa wale walikula uyoga ule, na wengi wao walikuwa na ugonjwa wa figo. Kazi ya figo ni kuchuja damu na kutoa uchafu katika mikojo. Figo zikiwa zaifu, sumu inaweza kubaki mwilini.

Watu wale waliujua uyoga wao, tena waliupika. Ugonjwa haukuanza palepale. Wengi walikaa siku kadhaa kwanza. Leo serikali ya Japani inashauri watu wote wasiule.

Uyoga ule ni wa inchi za baridi, lakini fundisho ni letu pia:

1. Mutu akivimba uso na miguu, au akikojoa kidogo, au mikojo ikiwa na damu, aje hopitali apimwe. Mama mwenye mimba asingoje hata siku moja.

2. Mugonjwa wa figo asile uyoga wa pori mbele ya kuuliza muganga.

3. Uyoga musioujua, muuache. Moto hauondoi kila sumu.

4. Mutu akiugua kisha kula uyoga, hata siku zikipita, mumulete upesi. Mulete na uyoga uliobaki, museme aliula siku gani.

Sasa, nani kati yenu ana mugonjwa wa figo nyumbani? Akuje aniambie kisha kupima watoto.