Damu ya Kivu na Maswali ya Kivu: Mhadhara juu ya Saikiatria ya Kibiolojia

Uzito wa sayansi siku hizi hupimwa kwa idadi ya makala zake na mara ambazo watafiti wengine wamezirejelea. Kwa kipimo hicho saikiatria ya kibiolojia, inayochunguza ugonjwa wa akili kupitia mwili, imeshinda, tangu dawa ya klopromazini ilipotumiwa katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952, hadi mwaka 2014 zilipotangazwa sehemu 108 za jenomu zinazohusiana na skizofrenia. Nadai kwamba kipimo hicho hakitoshi. Sayansi ambayo sehemu kubwa ya data zake za jeni imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya haijathibitisha bado inachokisema juu ya binadamu wote.

Wapo wanaosema ugonjwa wetu hapa mashariki mwa Kongo ni vita, si molekuli. Hoja hiyo ina nguvu, lakini utafiti uliofanywa Goma umeijibu. Mwaka 2012 timu ya Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida ilichapisha uchunguzi wa akina mama 25 wa Goma na watoto wao wachanga. Mateso aliyoyapata mama akiwa na mimba yalihusiana na alama za kikemia za methili kwenye jeni NR3C1 ya mtoto, jeni ya kipokezi cha homoni ya msongo, na pia na uzito wa mtoto alipozaliwa. Watu 25 ni wachache mno kujenga hukumu, ila wanatosha kuonyesha kwamba vita huenda inaingia mwilini kabla mtoto hajalia. Mwaka uliofuata, jaribio lililohusu wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono katika vijiji vya Kivu lilionyesha kwamba miezi sita baada ya tiba ya mazungumzo ya vikundi, asilimia 9 tu walikuwa na dalili zinazofikia kiwango cha sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja. Ni nini kilichobadilika katika miili ya waliopona? Swali hilo ni la kibiolojia, na hakuna mahali panapofaa kuliuliza kuliko hapa.

Wengine watasema mwili ni mmoja, dawa iliyopimwa Ulaya inatosha. Lakini aina ya 17 ya jeni CYP2D6, ya kawaida Afrika na adimu Ulaya, hupunguza kasi ya ini kuvunja baadhi ya dawa, na haloperidoli, dawa ya skizofrenia, hupitia kwa sehemu njia hiyohiyo. Kipimo kilichopangwa kwingine chaweza kumzidi mgonjwa wa SOSAME, kituo cha afya ya akili hapa Bukavu. Nakubali kwamba dawa yenyewe ikikosekana, utafiti wa jeni hauliwi wala haunywewi; dawa kwanza. Hata hivyo mradi wa NeuroGAP, unaochunguza jeni za magonjwa ya akili, umekusanya mate ya maelfu ya watu Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini, na Kongo haimo. Tunapaswa kuingia katika utafiti wa namna hiyo, lakini si kama chanzo cha damu tu. Kwa hiyo naliomba baraza la chuo hiki lisipitishe sampuli yoyote ya damu kuvuka mpaka bila mtafiti Mkongomani aliyeshiriki kuandika swali, na bila nafasi ya kijana wetu katika maabara inakopelekwa.