Nafasi Baina ya Nyaya: Mhadhara wa Umma



Kwa kuwa ada ya mhadhara kama huu ni mhadhiri kulieleza lile ambalo moyo wake umelishughulikia kuliko mengine, nami nimeazimia kusema habari ya hewa tupu, yaani ile nafasi iliyoachwa baina ya laini moja ya umeme na nyingine pale zinapochukuliwa na nguzo moja.

Nguzo ya mkaratusi katika miji yetu aghalabu hubeba laini mbili: kileleni, juu ya vikombe vya kuhami umeme, nyaya 3 za msongo wa kilovolti 11 au 33, na chini yake nyaya za majumbani. Mpita njia hudhani nafasi iliyo kati yake imewekwa ili umeme usiruke. Hasha! Baina ya sahani mbili laini za chuma, hewa kavu hustahimili takriban kilovolti 30 kwa kila sentimita, hata msongo wa kilovolti 11 usiweze kuvuka sentimita 1. Na ijapokuwa mvua, radi na chumvi ya bahari hutaka tahadhari zaidi, hayo yote hayatoshi kuwa hoja ya mita nzima. Nafasi iliyosalia imewekwa kwa ajili ya mwendo wa waya na kwa ajili ya mwili wa kiumbe hai.

Waya hautulii. Upepo huuyumbisha, na joto la jua na la mkondo wenyewe huurefusha. Na ajabu ya hesabu yake ni kwamba urefu mdogo huzaa mshuko mkubwa. Tuchukue waya wa alumini uliotandwa baina ya nguzo zilizoachana mita 100, ukining'inia mita 1 katikati: ukipata joto la nyuzi 40 zaidi, ungerefuka kwa sentimita 9 tu lau usingezuiwa, walakini mshuko wake waweza kuongezeka kwa zaidi ya nusu mita. Basi ikiwa laini ya juu imebeba mzigo mzito saa za alasiri, na ya chini yake haina mzigo, hivyo ni baridi na imekaza, nafasi iliyopimwa vema nguzoni huliwa katikati ya safari, mahali ambapo hapana mtu apandaye kupima.

Sasa tumtazame fundi, kwani ndiye mwenye haki kubwa zaidi katika hewa ile. Msongo mkubwa umewekwa juu ili yeye atengenezaye nyaya za chini asilazimike kupenya katikati yake. Amepanda kwa vyuma vya miguuni, mkanda umemshika kiunoni, laini ya chini imezimwa na ya juu i hai. Je, huo waya uliozimwa umekufa kweli? La; maadamu umeandamana na ulio hai, huvuta msongo kutoka kwake pasipo kuguswa nao, na kadiri zinavyokaribiana ndivyo taathira inavyozidi; kwa sababu hiyo fundi mwenye adabu ya kazi huupima kwanza, kisha huuunganisha na ardhi, ndipo aushikapo. Kisha huinua kiwiko, huinua spana, hujinyoosha, na kila inchi ya kunyooka kwake lazima iwe imekwisha kuhesabiwa na aliyeisanifu nguzo.

Wamarekani, walioanza kutunga kanuni zao za usalama wa umeme mwaka 1913, huacha baina ya nyaya za umeme na za simu eneo la inchi 40, takriban mita 1, kwa ajili ya fundi wa simu. Naiona hiyo kuwa kanuni ya kiungwana, kwa kuwa imeanza na mtu.

Wala si mtu peke yake. Huko Diani, kusini mwa Mombasa, mbega wameuawa kwa kugusa nyaya mbili kwa mara moja, hata jumuiya ya kuwahifadhi iliyoanzishwa mwaka 1997 ikawa na kazi ya kuhimiza nyaya zifunikwe na matawi yapunguzwe.

Ama leo nguzo zetu zimepata wapangaji wapya, nao ni nyaya za intaneti, ambazo hufungwa popote penye mwanya, wakati mwingine shada juu ya shada, kana kwamba hewa ile haina mwenyewe. Siupingi upangaji huo, maana nguzo moja kutumikia wengi ni tadbiri njema. Nataka tu kwamba, kabla ya waya wowote kuongezwa, mkaguzi asiridhike na futi aliyoishika nguzoni. Aende hadi katikati ya nguzo mbili, alasiri ya jua kali, mzigo ukiwa juu, akapime hapo, na kipimo hicho ndicho kiandikwe katika ruhusa.