Kumpa Mtoto Joto Bila Kumaliza Mkaa
(Mazungumzo ya kamati ya afya mbele ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Tumepewa nafasi fupi, na wapishi wanatutazama, kwa hiyo tutasema jambo moja tu. Kila ikifika Juni na Julai, sisi wa huku Njombe tunajua sanduku letu linavyofunguliwa: ni mikopo ya mkaa. Mwenye kichanga ndiye anayekuja wa kwanza, maana baridi ya kwetu ni ya umande kuganda kwenye majani, na mama gani atapata usingizi akigusa miguu ya mwanawe ikawa kama barafu? Hatumlaumu mtu. Ila fedha hiyo inaungua, na asubuhi nyumba ni ileile, na baridi ni ileile.

Halafu kuna hatari yenyewe. Wengi tumezoea kuwasha jiko nje, tukangoja moshi uishe, mkaa ukishakuwa mwekundu tunaliingiza chumbani tukisema sasa ni salama. Si salama, jamani. Moshi umekwisha, lakini hewa ya kaboni monoksaidi bado inatoka. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inashika nafasi ya oksijeni, na aliyelala anaweza asiamke tena. Hata makaa yaliyofunikwa majivu yanaitoa. Kichanga anapumua haraka kuliko sisi, basi inamdhuru mapema. Kuacha kidirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Mkiona watu wa chumba chenye jiko wanaumwa kichwa, wanasikia kizunguzungu na kutapika, msianze kubishana kama ni malaria. Watoeni wote nje kwanza, kisha hospitali.

Mtatuuliza, sasa mtoto tumfanyeje? Mtoto hahitaji nyumba nzima ipate joto; anahitaji joto pale alipo yeye. Na joto la bei rahisi kuliko yote ni kifua cha mama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kule Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi na mashine chache za kuwatunzia, akawafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo hospitali zetu zinafundisha njia hiyohiyo na kuiita kangaruu. Hata baba anaweza kumbeba, wala hapungukiwi kitu.

Mengine ni ya kawaida. Mtoto aliyezaliwa leo akaushwe vizuri, na kuogeshwa kungoje angalau saa 24. Kofia asikose akiwa mikononi. Nepi mbichi zisianikwe chumbani anapolala. Chupa ya maji ya moto iwekwe kitandani kabla, kisha itolewe ndipo mtoto alazwe, maana ngozi yake inaungua upesi. Na msimzidishie nguo! Pimeni joto kifuani au shingoni, si viganjani. Akitoka jasho punguzeni. Blanketi zito lisifike usoni.

Nyumba nayo tuitazame. Bati lisilo na dari linapoteza joto usiku kucha. Dari, hata ya magunia yaliyoshonwa vizuri, inasaidia, mradi ikae mbali na taa na moto. Mlango wenye uwazi chini uzibwe kwa gunia lililoviringishwa, na kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa nje. Ila chumba cha kupikia kisizibwe, moshi upate pa kutokea.

Kwa hiyo tunaleta ombi kwenye mkutano mkuu. Mwanachama mjamzito aruhusiwe kukopa kabla ya Juni kwa ajili ya dari, blanketi au kurekebisha mlango, alipe kidogo kidogo kama mkopo wa biashara. Wengine watasema dari haizalishi. Ni kweli haiuzwi sokoni, lakini inakaa miaka, na gunia la mkaa halikai hata mwezi. Atakayejifungua wakati wa baridi na hana kitu, mfuko wa jamii umpe blanketi moja bila riba wala kuulizwaulizwa.

Fomu ziko kwa mweka hazina. Wenye mimba waandikishwe leo kabla ya chakula.