Furaha Isiyongoja Mwisho wa Dhiki

Dominika ya Tatu ya Majilio, Mwaka C



Wapendwa wasikilizaji, leo makanisani mwetu umewashwa mshumaa wa tatu wa Majilio, na katika parokia nyingi padre amevaa mavazi ya rangi ya waridi badala ya zambarau. Ni Dominika ya Furaha. Lakini miongoni mwenu mnaonisikiliza yupo aliyezika juzi. Yupo mkulima ambaye mahindi yake yamekauka kabla ya kuzaa. Yupo mzazi asiyejua atapata wapi sare na madaftari ya mtoto shule zitakapofunguliwa. Huyo ana haki ya kuuliza: furaha hiyo ni ya nani?

Tumtazame kwanza anayetuagiza. Katika somo la pili, Mtakatifu Paulo anawahimiza Wafilipi wafurahi katika Bwana siku zote, kisha analirudia agizo lake, kana kwamba ajua hatutasadiki mara ya kwanza. Barua hiyo aliiandika akiwa kifungoni, mbele yake pakiwa na uzima au kifo. Nao Wafilipi walimfahamu vema. Sura ya 16 ya Matendo ya Mitume yasimulia jinsi Paulo na Sila walivyopigwa bakora katika mji huo, wakatupwa katika chumba cha ndani cha gereza, miguu yao ikafungwa kwa mkatale. Usiku wa manane walikuwa wakimwimbia Mungu, migongo yao ikiwa na majeraha mabichi.

Wahenga walisema: baada ya dhiki faraja. Methali hiyo ni ya kweli, nayo imewasaidia wengi kuvumilia. Ila Paulo na Sila hawakungoja “baada”. Waliimba milango ingali imefungwa. Hapo twaona tofauti ya raha na furaha. Raha hutegemea hali: shibe, afya, fedha mfukoni. Hali ikigeuka, raha huaga. Furaha ya Mkristo yamtegemea Bwana, ambaye Paulo asema hayuko mbali nasi. Hali yaweza kutunyang’anya raha yetu yote, lakini haiwezi kumfukuza Bwana nyumbani mwetu.

Hata hivyo, tusikosee. Kufurahi katika Bwana si kujilazimisha kucheka. Yesu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua. Kwa hiyo, katekista mpendwa, uingiapo katika nyumba yenye msiba usimkataze mjane kulia, wala usimwambie kwamba machozi yake ni upungufu wa imani. Keti naye. Machozi na furaha vyaweza kukaa katika moyo mmoja, kama vilivyokaa katika moyo wa Bwana wetu.

Labda mtu atasema: hayo yalikuwa ya Mitume. Basi tutazame karibu na nyakati zetu. Tarehe 15 Agosti 1975, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Askofu Mkuu François-Xavier Nguyen Van Thuan alikamatwa nchini Vietnam. Alikaa kifungoni miaka 13 bila kuhukumiwa, na miaka 9 kati ya hiyo alitengwa peke yake. Aliwaandikia waamini wake akiomba dawa ya tumbo. Wakamwelewa, wakampelekea divai katika chupa ndogo ya dawa. Akaadhimisha Misa kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji, kiganja chake kikiwa ndicho kalisi. Naye aliamua kwamba hatangoja kufunguliwa ndipo aanze kuishi. Kila siku iliyopo angeijaza upendo. Baadhi ya walinzi wake wakageuka kuwa rafiki zake. Aliachiwa mwaka 1988, akawa Kardinali mwaka 2001, akafariki mwaka 2002.

Je, sisi tufanyeje? Swali hilo hilo makutano walimwuliza Yohane Mbatizaji katika Injili ya leo. Yohane hakuwatuma mbali. Mwenye nguo mbili ampe asiye nayo. Mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru na askari akawaambia watende haki katika kazi zao. Ajabu ya furaha ni hii: aitafutaye kwa ajili yake peke yake huikosa, na amgawiaye mwenzake huikuta njiani. Yule askari wa gereza la Filipi aliwaosha wafungwa wake majeraha, akawaandalia chakula, na usiku ule ule furaha ikaingia nyumbani mwake.

Basi juma hili, kila jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo na iulizane: ni nyumba ipi kati yetu ambayo Noeli itaikuta katika giza? Twendeni huko kabla ya sikukuu, wenye debe la unga na debe lao, wasio na kitu na sala yao na mikono yao ya kuchota maji na kutafuta kuni. Tusingoje mambo yetu yanyooke kwanza.

Ee Bwana, uliye karibu na waliovunjika moyo, utujalie furaha yako leo, dhiki yetu ingalipo, hata tuione siku ile utakapofuta kila chozi. Amina.